Jinsi ya Kutengeneza Ramani ya Tabaka ya Upanuzi wa Marekani

Mwanafunzi anaweza kukariri miaka yote, lakini muulize ni nini kiliyashikanisha majimbo 13 ya mwanzo ya Marekani yaliyokuwa yakivutana, atabaki kimya. Ramani ya tabaka humwonyesha kwamba ardhi ya magharibi ndiyo iliyoyaunganisha, na baadaye ndiyo iliyoyagawa.

Vifaa vyote vinapatikana madukani Dodoma mjini: manila nyeupe yenye urefu wa sentimeta 80 au zaidi, vipande 4 vya nailoni angavu ya kujalidia vitabu, maka peni za rangi 4 zisizofutika, penseli, rula na selotepu.

Tumia skeli ya sentimeta 1 kwa kilomita 60. Nchi yenye upana wa takriban kilomita 4,500 itachukua sentimeta 75. Kama ramani ya atlasi ina upana wa sentimeta 15, ichore miraba ya sentimeta 1, manila ichore ya sentimeta 5, kisha nakili mraba kwa mraba. Anza na pwani, milima ya Appalachia na mito Ohio, Mississippi na Missouri. Andika pia mataifa ya wenyeji: Shawnee, Cherokee, Creek, Lakota. Kuacha magharibi tupu ndilo kosa baya kuliko yote.

Futa vumbi kwenye nailoni kwa kitambaa kikavu, la sivyo wino utakatika. Kila kipande cha nailoni ni tabaka moja: kibandike juu ya manila kwa ukingo wa juu tu ili kila tabaka lifunuke.

Tabaka la kwanza, 1781 hadi 1787, lipe muda mrefu zaidi. Virginia na majimbo mengine yalidai ardhi ya magharibi. Maryland, isiyo na dai lolote, iligoma kuridhia katiba ya kwanza ya shirikisho hadi 1781, Virginia ilipokubali kuachia sehemu yake. Serikali kuu isiyoweza kutoza kodi ikapata kitu cha kuuza. Sheria ya 1785 ilipima miraba ya maili 6 kwa 6, kila mmoja ukiwa na viwanja 36 vya ekari 640, na cha 16 kikatengwa kwa ajili ya shule. Kwa skeli yetu mraba huo hauonekani, hivyo uchore mkubwa pembeni. Sheria ya 1787 ikaongeza jambo zito: sehemu ya eneo la kaskazini mwa mto Ohio ikifikisha watu huru 60,000, iliweza kuwa jimbo lenye hadhi sawa na yale ya mwanzo, tena bila utumwa. Walowezi hawakubaki koloni la pwani.

Tabaka la pili ni eneo la Louisiana, lililonunuliwa kutoka Ufaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15. Ukubwa wake unazidi Tanzania mara mbili. Ongeza mfereji wa Erie wa 1825, kilomita 584 kati ya Albany na Buffalo, mrefu kuliko barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma.

La tatu: Texas 1845, Oregon 1846, ardhi ya Mexico 1848. Weka na mishale ya wenyeji waliohamishwa kufuatia sheria ya 1830.

La nne ni mstari wa 1820, nyuzi 36 na dakika 30 kaskazini, uliotenganisha ardhi ya utumwa na isiyo ya utumwa. Wengi huuvuta hadi Pasifiki. Uishie kwenye mpaka wa magharibi wa eneo la Louisiana la tabaka la pili, kwa kuwa sheria iliishia hapo. Kisha lifunike tabaka hili juu ya la tatu, uwaulize wanafunzi California iliangukia upande gani.