Unataka usanifu mandhari Kanada na uko Mombasa? Anza na maji ya mtaani kwako

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni gani, manake hapa Mombasa ukitaja lendiskepu watu wanamfikiria yule jamaa wa nasari kando ya barabara anayeuza nyasi na miche. Ile ni biashara halali na ina pesa yake, simdharau mtu. Lakini msanifu mandhari ni yule anayeketi na inginia na akitekti kabla hata jiwe la kwanza halijawekwa, anaamua maji ya mvua yatapita wapi, ngazi ziwe na kimo gani, mti upi upandwe wapi mizizi isije ikapasua bomba, na mtu wa kiti cha magurudumu atapanda vipi. Pale Mama Ngina palipofanywa upya 2019, zile njia na viti katikati ya mibuyu, ndio kazi ya aina hiyo.

Sasa Kanada hii ni taaluma yenye wenyewe. Chama chao cha nchi nzima, CSLA, kiko tangu 1934, halafu mikoa nayo ina vyama vyake, Ontario kuna OALA, British Columbia kuna BCSLA, Alberta kuna AALA, Québec kuna AAPQ. Na Ontario kuna sheria ya 1984 inayolinda hilo jina la kazi. Yaani unaweza kuajiriwa kwenye ofisi yao kama dizaina, hakuna neno, lakini kujiita msanifu mandhari kabla chama hakijakukubali huwezi, hata kama hapa nyumbani una digrii na umefanya kazi miaka kumi. Kwa hivyo ukiandika sivii ya kutuma Toronto andika digrii yako na kazi ulizofanya, hilo jina liache mpaka ulipate huko.

Kitu chengine ambacho vijana wengi wanaliwa pesa ni namba ya kazi. Serikali ya Kanada imepanga kazi zote kwa namba. Msanifu mandhari ni 21201. Fundi wa mandhari na bustani mwenye diploma ni 22114. Halafu kuna 85121, hiyo ni kibarua wa kukata nyasi na kubeba udongo. Ajenti atakuja na karatasi imeandikwa ajira ya lendiskepu Kanada, ukiangalia vizuri ni 85121, na mlango wa Express Entry, ule mfumo wa serikali wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, unahesabu uzoefu wa kazi za ngazi ya 0 mpaka 3 peke yake, kibarua yuko ngazi ya 5, ya chini kabisa. Sisemi kazi ya kibarua ni mbaya, nasema usiuze shamba la marehemu babu ukidhani umenunua taaluma. Na kuuziwa ajira yenyewe ni kinyume cha sheria kule. Mtu akikwambia yeye ni mshauri wa uhamiaji wa Kanada, muulize namba yake ya leseni halafu itafute mwenyewe kwenye rejista ya CICC, chombo kinachowapa leseni washauri hao, iko wazi kwenye intaneti, dakika tano umemaliza.

Njia za kuingia ni kama tatu. Ya kwanza, usome digrii hapa Kenya, JKUAT kule Juja wana digrii kamili ya usanifu mandhari, ufanye kazi miaka kadhaa halafu uende kusoma masters. Ya pili, una digrii nyengine tu, tuseme mazingira au jiografia au sanaa, uingie masters ya miaka mitatu ambayo imetengenezwa kwa watu wasiotoka kwenye dizaini, Toronto na British Columbia wanachukua watu kama hao. Ya tatu ni kumaliza fomu foo na kwenda moja kwa moja Chuo Kikuu cha Guelph, digrii ya miaka minne, sema hiyo inataka mzazi mwenye mfuko mrefu manake ada ya mgeni si ya mwenyeji. Manitoba pia wana masters, na Montréal ipo lakini wanasomesha kwa Kifaransa. Usitume pesa ya fomu popote kabla hujaangalia kama kozi imeidhinishwa, orodha iko kwa CSLA, manake kozi isiyoidhinishwa inakurefushia safari ya leseni baadaye. Mimi ningeshika ya kwanza. Ukienda na miaka miwili mitatu ya saiti halisi mkononi, profesa anaongea na wewe tofauti.

Haya, potfolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako unaotuma na maombi. Hapa ndipo watu wanapoharibu, wanajaza picha za Lumion, ile programu ya picha za kompyuta zinazong'aa, mitende, swimingi puli, jua linazama, na hakuna levo hata moja, yaani kipimo cha kimo cha ardhi, kwenye mchoro. Wanaochagua wanafunzi wanataka kuona unavyofikiri, na kwenye kazi hii kufikiri kunaanza na maji. Kwa nini nakazania maji? Mwaka 1954 kimbunga Hazel kilipiga Ontario kikaua watu 81, nyumba zilizojengwa kando ya mito zikazolewa, na baada ya hapo wakazuia kujenga kwenye yale mabonde na sehemu kubwa yake ikageuzwa mbuga za watu kutembea. Bustani ya Corktown Common pale Toronto imekaa juu ya tuta la udongo lililowekwa makusudi kuzuia mafuriko yasifike katikati ya mji, watoto wanacheza juu ya ukuta wa maji bila kujua. Na mdomo wa mto Don juzi juzi umechimbwa upya kabisa, mbuga yake ya Biidaasige ikafunguliwa 2025. Sasa wewe unatoka Mombasa, masika ikipiga unajua barabara ipi inageuka mto, halafu unawapelekea picha ya swimingi puli?

Kwa hivyo chukua mahali pamoja mtaani kwako ambapo maji yanasimama. Nenda mvua ikiwa inanyesha, piga picha, weka alama ya chaki maji yalipofika. Yakikauka rudi na tepu na ule mpira wa maji mafundi wanaotumia kupimia levo, pima kila mita tano, chora kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, hata kwa mkono. Halafu chora ardhi ilivyokatwa kwa ubavu, uonyeshe lami iko wapi, mtaro uko wapi na umezibwa na nini, matumbawe yanaanza kina gani, manake sehemu nyingi za kisiwani ukichimba kidogo tu unagonga jiwe la matumbawe na hilo linanyonya maji ukilipa nafasi. Weka miti iliyopo kwa jina lake, mwarobaini, mkungu, mvinje, usiandike mti tu. Na watu pia! Wazee wa kahawa wanakaa saa ngapi na wanahama na kivuli kwenda wapi, muuza viazi karai anaweka meza wapi, watoto wa madrasa wanapita upande gani. Nenda asubuhi, adhuhuri na baada ya magharibi, utaona ni sehemu tatu tofauti. Ukimaliza hayo ndio upendekeze kitu, na kiwe kidogo, mtaro wa mchanga na mimea, viti viwili, mteremko sawa. Mradi mmoja wa namna hiyo unashinda kurasa ishirini za Lumion.

Mradi wa pili fanya wa ikolojia. Mikoko ya Tudor ni nzuri, au uende Haller Park Bamburi ukiwa na daftari badala ya kwenda kumwangalia kiboko tu. Ile ilikuwa machimbo ya simenti, jiwe tupu, na Rene Haller alipoanza 1971 alijaribu aina 26 za miti zikashika tatu peke yake, mvinje mmojawapo. Majani ya mvinje yakawa yanaanguka hayaozi, akaleta majongoo wakayatafuna na udongo ukaanza kujitengeneza. Chora hiyo hatua kwa hatua, useme ni uchambuzi wa kazi ya mtu mwengine, usije ukaifanya yako.

Sofuweya usijitese sana. AutoCAD uijue, QGIS ya ramani ni ya bure ipakue leo, SketchUp au Rhino moja inatosha. Mchoro wa mkono bado unaheshimiwa, usiuache.

Halafu soma mambo ya huko ambayo hapa hatuna. Kusini mwa Ontario baridi inagandisha ardhi, misingi inashushwa kama mita 1.2 la sivyo barafu inainua kila kitu. Theluji ikizolewa inatupwa wapi, hiyo nafasi inachorwa kwenye plani tangu mwanzo. Njia ikizidi mteremko wa moja kwa ishirini ishakuwa rampu na ina masharti yake. Lakini kuna kimoja ambacho mtu wa pwani anakielewa kuwashinda wa bara, nacho ni chumvi. Wao wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na miti ya kando inaungua, sisi tunaipata kwa upepo wa bahari, na kujua mmea upi unavumilia chumvi na upi unakufa ni ujuzi unaobebeka. Uandike kwenye barua yako ya maombi. Usome pia kuhusu wenyeji wa asili, ile ripoti ya 2015 ya tume ya Kanada ya ukweli na maridhiano ina wito 94 wa kuchukua hatua, na siku hizi miradi mingi mikubwa wanakaa nao kabla ya kuchora.

Ukishamaliza masomo unajiandikisha na chama cha mkoa, unafanya kazi chini ya mwenye leseni anayekusainia uzoefu wako, na mikoa mingi unafanya mtihani wa leseni unaoitwa LARE, unaotungwa na baraza la CLARB, ule ule wa Marekani. Una sehemu nne, uchunguzi wa saiti na usimamizi wa mradi, upangaji na dizaini, michoro ya ujenzi, na ya mwisho ni levo na maji ya mvua. Unaona maji yamerudi. Cornelia Oberlander, aliyesanifu bustani za Robson Square pale Vancouver, alizaliwa Ujerumani 1921, kwa hivyo mgeni kufika juu kwenye kazi hii si jambo geni kule.

Pesa sasa. Mbali na ada unaonyesha kwamba benki una pesa ya kuishi mwaka mmoja, kuanzia Januari 2024 ilikuwa dola 20,635 za Kanada kwa mtu peke yake na ikapandishwa tena baadaye, hivyo angalia tovuti ya serikali wiki ile ile unayotuma, usitegemee grupu ya wasap. Ombi la kibali cha masomo ni dola 150 na alama za vidole 85, na hizo unapanda Nairobi kuzitoa.

Masomo mengi yanaanza Septemba na maombi mengi ya masters yanafungwa kati ya Disemba na Januari. Barua za walimu na mabosi ziombe Oktoba, uwape na nakala ya potfolio yako, manake mtu wa hapa ukimuomba barua Disemba 20 ashafika kwao zamani na simu haishiki.