Namna ya Kuuzunguka Mji wa Bhaktapur kwa Miguu na Kuusoma Usanifu Wake Bila Kiongozi

Bhaktapur uko kilometa 13 hivi mashariki ya Kathmandu, nchini Nepal, na ulikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Malla hadi 1769. Maelezo haya niliyaandaa kwanza kwa ajili ya rafiki aliyetaka kuuona mji huo peke yake, kwa mwendo wake mwenyewe.

Hatua ya 1. Lipa kiingilio, tunza tiketi, na uanze asubuhi. Beba darubini ndogo badala ya kamera kubwa, kwa sababu nakshi nyingi ziko juu, chini ya kivuli cha mapaa.

Hatua ya 2. Katika Uwanja wa Durbar, yaani uwanja wa kasri la kifalme, tazama Lango la Dhahabu na Kasri la Madirisha 55, kisha uendelee. Wageni wengi huimalizia asubuhi yao hapa, ilhali mambo makubwa yako mbele.

Hatua ya 3. Teremka hadi uwanja wa Taumadhi, mbele ya hekalu la Nyatapola lenye mapaa matano, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 18 kwa amri ya mfalme Bhupatindra Malla. Usikimbilie kupanda ngazi; simama mbali na ulisome kutoka chini kwenda juu. Ngazi zinapita kati ya jozi tano za walinzi: wanamieleka, tembo, simba, viumbe wenye vichwa vya ndege, na juu kabisa miungu wa kike wawili, na inasemekana kila jozi ina nguvu mara kumi kuliko iliyo chini yake. Ukifika kwenye kuta, angalia jinsi matofali yalivyobanana hata udongo wa kuyaunganisha hauonekani: upande wa nje wa tofali ni mpana kuliko wa ndani. Ndipo uelekeze darubini kwenye mihimili ya mshazari. Hiyo si pambo tu, maana ndiyo inayopeleka ukutani uzito wa mapaa yaliyochomoza, na sanamu zilizochongwa juu yake kwa kawaida huashiria mungu wa hekalu. Hapa dokezo hilo lina faida, kwa kuwa sanamu ya Siddhi Lakshmi, mungu wa kike wa hekalu hili, imo ndani, nako huingia makuhani peke yao.

Tahadhari ni hii: usihukumu umri kwa rangi ya mbao. Nyatapola lilisimama katika matetemeko ya 1934 na 2015, lakini jirani yake, hekalu la Bhairavnath, liliporomoka mwaka 1934 likajengwa upya. Mafundi wa Kinewari, yaani wa jamii ya wenyeji wa bonde hili, hurudisha vipande vya kale panapowezekana na kuchonga vipya kujazia mapengo, hivyo dirisha moja linaweza kuwa na mbao za karne mbalimbali. Chunguza ncha za nakshi: zilizolika kwa mvua ni za zamani, zenye makali ni za karibuni, hata hivyo, mbao iliyokingwa vizuri na paa inaweza kubaki na makali yake kwa muda mrefu sana, kwa hiyo linganisha vipande vinavyopata mvua sawa.

Hatua ya 4. Fuata barabara ya matofali kuelekea kaskazini-mashariki hadi uwanja wa Tachupal, penye hekalu la Dattatreya. Ramani ya karatasi inatosha.

Hatua ya 5. Katika uwanja huohuo tafuta Dirisha la Tausi, dirisha la mbao lenye nakshi ya tausi; haliko mbele ya jengo la Pujari Math, nyumba ya kale ya makuhani, bali ubavuni, ndani ya kichochoro chembamba. Lifikie jua likiwa juu, maana saa nyingine kichochoro huwa kivulini.