Kusokota Uzi wa Sufu kwa Mkono: Kazi Inayoanzia Zizini

Anayetaka kujifunza kusokota uzi wa sufu kwa kawaida huanza kwa kutafuta kijiti cha kusokotea, ilhali ubora wa uzi huamuliwa miezi mingi kabla, sufu ingali mgongoni mwa kondoo. Ndiyo sababu maelezo haya, yaliyokusudiwa hasa kwa wafugaji wadogo wa nyanda za juu za Kenya kama Kinangop, Molo na Mau Narok, yanaanzia zizini.

Chagua kwanza kondoo anayefaa. Kondoo Mwekundu wa Kimaasai na Dorper hufugwa kwa ajili ya nyama, na miili yao ina nywele, au nywele zilizochanganyika na sufu haba, ambazo hazishikamani vyema zinaposokotwa. Merino ana sufu nyembamba na laini kupita wote, lakini mikononi mwa asiyezoea sufu hiyo hufanya vinundu upesi. Corriedale, aliyetokana na kuzalisha Merino pamoja na Lincoln huko New Zealand na Australia katika karne ya 19, ana sufu ndefu na nene kiasi, na kwa maoni yangu ndiye anayemfaa zaidi mwanagenzi.

Kondoo aliyeugua, aliyekosa malisho wakati wa kiangazi au aliyezaa akiwa dhaifu huota sufu yenye sehemu nyembamba, na uzi wake hukatika hapo hapo hata ukisokotwa kwa ustadi. Ili kupima, chukua kishungi kidogo, kishike ncha zote mbili karibu na sikio, kisha ukivute ghafla: sufu nzima hutoa mlio mkavu na hubaki ilivyo, na iliyo dhaifu hutatarika na kukatika. Kishona nguo nacho ni adui wa msokotaji, kwa kuwa mbegu zake hujipachika ndani ya sufu na huondolewa moja moja kwa vidole. Afadhali kung'oa magugu hayo malishoni kuliko kuhangaika nayo baadaye. Hori la nyasi pia lisiwe juu ya vichwa vya kondoo, kwa maana makapi huanguka shingoni, mahali penye sufu nzuri.

Kata sufu mara moja kwa mwaka, katika siku kavu na zenye joto za Januari au Februari, kabla ya mvua za masika. Kondoo awe mkavu na awe hajalishwa tangu usiku uliotangulia, kwa sababu mwenye tumbo lililojaa hutaabika anapokalishwa kwa matako. Mkasi upite karibu na ngozi kwa mara moja, bila kurudia palepale, kwani vipande vifupi vya mkato wa pili ndivyo vinavyoleta vinundu katika uzi. Kwa siku kadhaa baada ya kunyolewa, mlaze kondoo mahali pasipo na upepo. Baridi ya Kinangop haina huruma. Wala usikate kamwe sufu ya mnyama aliyekufa ghafla, hasa akiwa anatokwa na damu puani au mdomoni. Huenda ni kimeta, na vimelea vyake hudumu muda mrefu ndani ya sufu; katika viwanda vya Bradford, Uingereza, wafanyakazi wa kuchambua sufu waliwahi kufa kwa kuvivuta puani. Mwite afisa wa mifugo bila kuugusa mzoga.

Tandaza sufu juu ya turubai, uondoe ya tumboni, ya miguuni na iliyogandamana na samadi. Iloweke usiku kucha katika maji baridi, ya mvua yakipatikana, kisha uitie ndani ya neti za vitunguu na kuizamisha katika maji ya nyuzi joto 60 hivi yenye sabuni ya vyombo. Iache itulie kwa dakika 15 hadi 20. Usiisugue, wala usiihamishe ghafla kutoka maji moto hadi baridi, kwani sufu itashikana na kuwa blanketi. Itoe kabla maji hayajapoa, la sivyo mafuta huirudia. Isuuze kwa maji ya joto lile lile, uianike kivulini. Usishangae kilo 3 zikibaki kilo 2 au pungufu, kwa kuwa mafuta, jasho na vumbi huwa na uzito mkubwa.

Ikikauka, ifumue kwa vidole, uichane kwa brashi mbili zenye meno ya waya, kisha uiviringishe iwe mrija mnene na mwepesi. Kijiti cha kusokotea hutengenezwa nyumbani: fimbo laini ya sentimita 30, kisahani cha mbao, na ndoano ya waya juu, vyote vikiwa na uzito wa gramu 40 hivi. Funga kipande cha uzi kwenye fimbo, ukipitishe ndoanoni, na kwenye ncha yake ulaze sufu kidogo. Zungusha kijiti kuelekea mwendo wa saa, halafu kibane kati ya magoti. Bana uzi kwa vidole vya mkono mmoja, kwa mkono mwingine uivute sufu taratibu hadi iwe nyembamba, kisha uachilie msokoto uingie katika sufu hiyo iliyovutwa. Siri yote iko katika kuzuia msokoto usiingie kwenye sufu ambayo haijavutwa. Uzi ukiachana, umepungukiwa msokoto; ukijikunjakunja, umezidi. Ukikatika, tanua ncha zote mbili, uzipandanishe na usokote tena.

Nyuzi mbili zilizokwisha kusokotwa huunganishwa kwa kuzungusha kijiti kinyume na mwendo wa saa, na hapo ndipo uzi hupata nguvu na kutulia. Uloweke katika maji ya uvuguvugu, uukamue bila kuusokota, uutundike ukauke. Sufu chafu iliyotengwa mwanzoni itandazwe kuzunguka kabichi, ambako huhifadhi unyevu na kuoza polepole, ila kama kondoo walipita kwenye josho karibuni, ihifadhiwe mbali na mboga.