Tathmini ya shamba dogo la miti Pemba ianzie nje ya mpaka

Shamba la miti la eka moja hadi tatu haliishi peke yake. Moto hutoka konde ya jirani, na bei ya boriti hufuata miti iliyosimama shehia nzima. Basi zunguka kwanza na sheha na majirani. Chora kwenye karatasi moja njia ya gari, mabonde, visima, na udongo ulivyo: kinongo (tifutifu), kichanga, kinamo (mfinyanzi) au maweni (wa mawe). Andika nani kapanda mivinje, miti ya boriti, na mwaka gani. Ikiwa yote ni ya rika moja, itakatwa pamoja na bei itashuka. Uliza pia miti ni ya nani. Zanzibar mwenye ardhi na mwenye miti huweza kuwa watu wawili, na mrithi asiyeulizwa huja na kesi shoka likishaingia.

Ndani ya shamba, kamba ya mita 5.64 ikizungushwa hutoa duara la mita za mraba 100. Eka moja yataka maduara 3 au 4, kwa hatua sawa tangu mpakani. Usiyachague kwa macho, maana jicho hupenda palipostawi. Kwenye mteremko kamba ishikwe kwa usawa. Ikilala na ardhi, duara hupungua na hesabu hushuka. Mzingo wa mti upimwe mita 1.3 kutoka chini, ukisimama upande wa juu.

Tuseme katika maduara matatu umepata miti 18, 9 na 12. Wastani ni 13; eka ina kama maduara 40, basi zidisha kwa 40, upate 520 kwa eka. Mivinje ya mita 2 kwa 2 huanza na kama 1,000, kwa hiyo karibu nusu haipo. Tafuta visiki. Vikiwapo, imekatwa, visipokuwapo, aghlabu ilikufa michanga: ng'ombe, mbuzi, au udongo mfupi. Hapo piga mtaimbo. Ukigonga jiwe kabla ya shubiri mbili, usipande tena pale pale, tafuta mfuko wa udongo pembeni.

Mvinje uliokatwa huchipua kwa shida, kwa hiyo miche iwe tayari kabla ya masika. Mwarobaini huchipua vizuri. Bakisha machipukizi 2 au 3 kwa kisiki. Kuzuia moto, safisha ukanda wa mita 3 hadi 5 upande wa makonde wakati wa kaskazi, kabla watu hawajaanza kuchoma. Kibali cha kukata na kusafirisha kiombwe mapema kwa ofisi ya misitu.

Weka jiwe katikati ya kila duara, mwakani upime hapo hapo.