Kupe kakung'ang'ania? Weka kiberiti pembeni, mtoe hivi

Juzi kati nilikuwa kijijini, nimeshinda zizini na mjomba, jioni naoga nagusa nyuma ya goti nikadhani kigaga, kumbe kina miguu. Namwita mjomba anakuja na kiberiti mkononi tayari. Nikamwambia anko, subiri kwanza.

Maana hapo ndo wengi tunapokosea. Kumchoma na njiti, mafuta ya taa, vaselini, rangi ya kucha, zote wazo ni moja, eti atakosa raha aachie mwenyewe. Haachii kirahisi, mdomo wake una miba imeelekea nyuma kama ndoana na kupe wengi wanajigandisha kabisa na kitu kama gundi, sasa ukimtesa anaweza kukutemea mate yake humohumo kwenye kidonda na vijidudu viko humo. Na ngozi umeshaiunguza.

Tafuta kibano chenye ncha nyembamba, hata kile cha kutindia nyusi. Mbane chini kabisa alipozamia, karibu na ngozi, usimbane tumbo. Halafu vuta kwenda juu, taratibu, usizungushe wala kukurupua. Ngozi itanyanyuka kama kahema kadogo, we shikilia hapohapo usilegeze, utasikia tu kaachia. Wangu alitoka na kijinyama cheupe mdomoni, kawaida hiyo. Kama huna kibano piga kitanzi cha uzi wa kushonea, kiteremshe mpaka chini ya tumbo lake, kaza, vuta vilevile.

Mdomo ukikatikia ndani jaribu kuutoa kama mwiba, ukigoma achana nao, ngozi itausukuma yenyewe. Hakuna haja ya kuchimba na pini.

Osha kwa sabuni, paka spiriti, nawa mikono. Na kupe usimpasue kwa kucha jamani, najua kale kamlio watu wanakapenda, ila majimaji yake yanaweza kuwa na virusi vya homa ya Crimea-Kongo, na hiyo inaua. Mtumbukize kwenye spiriti au mfunge kwenye selotepu utupe.

Ukimkuta mmoja kagua mwili mzima, kwapani, kinenani, kitovuni, nyuma ya masikio, kwenye nywele, hasa watoto. Mjomba alinicheka weee, kupandisha suruali naye anao wawili.

Andika tarehe kwenye simu. Ndani ya wiki mbili ukipata homa, kichwa, matezi, au pale alipong'ata pakafanya kidonda cheusi kama umezimiwa sigara, nenda hospitali na useme mwenyewe kwamba uling'atwa na kupe, maana usiposema unapimwa malaria, hamna, unarudishwa na panado. Homa ya kupe inatibika vizuri na doksi (dawa ya doxycycline) lakini akuandikie daktari, hasa kama ni mtoto au una mimba. Ndigana kali ya ng'ombe haikupati, hiyo usiihofie.

Papasi ni habari nyingine, wale kupe wa nyumba za sakafu ya udongo. Huyo anakunyonya usiku umelala na kabla hujaamka ashajirudia kwenye ufa wake, hutamkuta wa kumtoa, kwahiyo kama ulilala nyumba ya hivyo na homa inakuja inapotea inarudi, hilo nalo mwambie daktari.