Kabla hujalipia AC, inama usome kibandiko

Kila Februari simu yangu haipumziki. Dar es Salaam imechemka, watu hawalali, na maneno ninayoyasikia ni yale yale: "Fundi, njoo unijazie gesi." Mwaka huu mama mmoja wa Mikocheni akaja na jipya. Hata begi la vifaa sijalitua, akaniambia, "Mwanangu yule anayesoma ananigombeza, eti AC yangu inaharibu dunia. Nitolee hiyo gesi mbaya uniwekee nzuri."

Nikamwamkia kwanza, akaitikia marahaba huku amekunja uso. Kisha nikamweleza kwamba gesi ya AC haibadilishwi kama shuka. Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, oili yake, unene wa mabomba, hata swichi za umeme, vyote vimetengenezwa kwa gesi moja. Unaichagua dukani, siku unayonunua mashine. Ukishafunga ukutani, umefunga nayo ndoa.

Kwa hiyo dukani uangalie nini? Muuzaji atakuonyesha remoti, atakuonyesha taa za buluu, atakuambia unaweza kuiwasha kwa simu ukiwa kwenye foleni Mwenge. Msikilize kwa adabu, halafu inama usome kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine ya nje. Tafuta vitu viwili: jina la gesi, linaloanza na herufi R, na uzito wake kwa gramu au kilo. Kama mashine iko ndani ya boksi, mwombe akufungulie. Asipotaka, maduka ya AC Kariakoo hayajaisha.

Ukikuta R-22, ondoka. Ndiyo gesi niliyojifunzia ufundi, mtungi wa kijani hafifu wa kilo 13.6, na bado naikuta kwenye majengo ya zamani ya Upanga. Inatoboa tabaka la ozoni na inapasha dunia joto. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimeiacha ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizobaki. Mwenye AC ya R-22 leo anatafuta gesi kama anayetafuta kaseti.

Ukikuta R-410A, hapo ndipo wengi wanaponasa, maana ndiyo inayouzwa kwa bei ya kutupa. Haigusi ozoni, hilo kweli. Lakini kilo yake moja ikivuja inapasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa, ukihesabu kwa miaka 100. Chukua gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja ya petroli: ni kama limekwenda Mwanza na kurudi Dar karibu mara nne. Na hiyo bei ya kutupa ina sababu. Oktoba 2016 nchi zilikubaliana Kigali kupunguza gesi za aina hii. Kwa kundi ambalo Tanzania imo, kiwango cha matumizi kilifungwa kisipande kuanzia 2024, punguzo la kwanza la asilimia 10 ni 2029, na kufikia 2045 liwe asilimia 80. AC ikitunzwa inaishi miaka kumi na zaidi. Ukinunua ya 410 leo, utakuwa unaijazia gesi wakati gesi yenyewe imeadimika. Tuliyaona kwa R-22.

Sasa R-32. Kuna jambo ambalo wateja hawaambiwi: nusu ya R-410A ni R-32 hiyo hiyo. Nusu ya pili ni R-125, iliyochanganywa ili kuzima tabia ya R-32 ya kushika moto, na huyo R-125 ndiye mwenye dhambi kubwa. Ukimwondoa, namba inashuka kutoka 2,088 hadi 675. Tena mashine inahitaji gesi pungufu kwa kazi ile ile. Daikin walianza kuuza AC za nyumbani za R-32 Japani mwaka 2012, na sasa utazikuta za kampuni nyingi hapa mjini. Inashika moto, lakini kwa shida. Ndiyo maana kibandiko kina alama ya mwali.

Ya nne ni R-290, na hiyo ni propani. Ndiyo, propani, ndugu yake gesi ya jikoni. Namba yake ni 3. Si elfu tatu, tatu. India kampuni ya Godrej ilianza kuuza AC za nyumbani za propani mwaka 2012. Kwa usafi wa hewa haina mpinzani, ila moto wake si wa mchezo: hewa yenye gramu 38 hivi za propani kwa mita moja ya ujazo inaweza kuwaka, wakati R-32 inahitaji kama gramu 300. Ndiyo maana mashine zake zinawekwa gesi kidogo. Piga hesabu: chumba cha mita 4 kwa 3, dari mita 2.5, kina ujazo wa mita 30. Gramu 300 zikivuja zote na kusambaa sawasawa ni gramu 10 kwa kila mita ya ujazo, chini sana ya hatari. Tatizo ni kwamba propani ni nzito kuliko hewa. Haisambai sawasawa, inashuka na kutulia sakafuni, palipo na soketi na dawa ya mbu. Kwa hiyo kitabu cha mashine hutaja ukubwa wa chini wa chumba. Usiupuuze kwa sababu chumba cha mtoto ni kidogo na una haraka.

Ukiniuliza mimi, kwa nyumba ya kawaida hapa Dar nunua R-32 ya inveta, yaani ile ambayo kompresa yake hupunguza kasi chumba kikipoa badala ya kuzima na kuwaka. Ya R-290 iliyotoka kiwandani hivyo ichukue kama fundi wako amefundishwa kuishika na chumba kinatosha. Nisingemwachia fundi ambaye bado anavuta sigara akifungua bomba, na ninawajua watatu.

Hapa nipunguze mwendo, maana kuna mchezo unaoua watu. Wapo mafundi wanaotaka "kuokoa mazingira" kwa kutia propani kwenye AC ya zamani ya R-22. Itapoza, sikatai, tena vizuri. Lakini ile mashine haikujengwa kwa gesi inayowaka; swichi zake zinaweza kutoa cheche, na itavuja siku usiyoijua. Wengine wanatia gesi ya mtungi wa jikoni kabisa, yenye butani na unyevu ndani. Fundi akikuletea wazo hilo, mpe nauli arudi kwake. Na usiamini rangi ya mtungi. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na kuua wafanyakazi, chanzo gesi bandia iliyowekwa humo ikidhaniwa ni ya kawaida.

Turudi kwa mama wa Mikocheni. Mashine yake ilikuwa ya 410, ina miaka sita, kompresa inanguruma vizuri tu. Nikamuuliza ilijazwa lini mara ya mwisho. Mwaka jana. Na mwaka juzi, na mwaka uliotangulia huo. Hapo nikajua mgonjwa ni nani. Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka kwenye bomba lililofungwa. Ikipungua, imevuja, hakuna jibu lingine. Nikachanganya sabuni ya unga na maji, nikapaka maungio moja moja, na nati ya nyuma ya mashine ya ndani ikaanza kutoa povu kama mtoto anayecheza na mate. Fundi aliyepita alikuwa ameikaza kwa spana ya kubahatisha. Kama alimwongezea gramu 400 kila mwaka, kilo 1.2 zimekwenda hewani, sawa na tani mbili na nusu za hewa ukaa, kwa sababu ya nati.

Nikanyonya gesi iliyobaki kwa mashine kuingiza mtungini, nikatengeneza upya mdomo wa bomba, nikajaza naitrojeni na kusubiri kuona kama geji inashuka. Haikushuka. Nikavuta hewa kwa pampu, nikarudisha gesi kwa kupima kwenye mizani kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko. Nikamwambia aitumie mpaka ife yenyewe. Kuitupa nzima ili kununua "ya kijani" kungekuwa israfu.

Kwa hiyo fundi anayekuja kufunga mashine yako mpya muulize kabla hajapanda ngazi: una pampu ya kuvuta hewa? Una mizani? Una naitrojeni? Anayesema "natoa hewa kwa kufungulia gesi kidogo" ndiye atakayerudi kwako kila Februari. Kama kuna AC ya zamani ya kushusha, muulize gesi yake anaipeleka wapi. Wengi wetu tunaipuliza hewani kwenye uchochoro, nasema tunaipuliza kwa sababu nami nilifanya hivyo miaka mingi. Na mkiwa karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, msiielekeze mashine ya nje kwenye upepo wa chumvi. Chumvi inakula mapezi na mabomba, na gesi iwe nzuri namna gani, itavujia hapo.

Ukubwa nao: nguvu ya kupoza hupimwa kwa BTU, na chumba cha kawaida cha kulala BTU 9,000 au 12,000 zinatosha. Kubwa kupita kiasi inapoza haraka kisha inazima na kuwaka, unyevu unabaki, na LUKU inakwenda. Weka nyuzi 25, jifunike khanga.

Wiki tatu baadaye mama akanipigia, nasikia honi za Kariakoo nyuma yake. Anataka ya chumba cha wageni. "Nimeinama kama ulivyosema, mgongo unaniuma. Imeandikwa R-32, gramu 680." Nikamwambia alipie, na mashine ya nje isafirishwe imesimama, wasiilaze kwenye bajaji.