Jinsi ya kumwangalia mnyama anavyotembea mpaka uone kichekesho chenyewe

Wengi tukiona bata anavyoyumba au kaa anavyokimbia kiubavuubavu tunacheka halafu tunapita zetu. Sasa ukikaa ukamwangalia vizuri, mara nyingi unakuta kile ulichokuwa unakichekea sio hata anachokifanya, macho yetu kwenye mwendo yanatudanganya sana. Navyofanya mimi ni hivi, na hauhitaji kitu zaidi ya simu na uvumilivu.

Fungua kamera, nenda kwenye ile ya video za polepole. Kawaida simu inachukua kama fremu (yaani picha) 30 kwa sekunde, huku inapanda mpaka 120 au 240 kutegemea na simu yako, kwahiyo hatua moja ya kuku inakuwa ndefu unaweza kuisimulia. Inataka mwanga mwingi lakini, ndani ya nyumba inatoka giza tu. Halafu shuka chini, piga magoti au lala kabisa kifudifudi, kamera iwe usawa wa miguu yake, na umpige akiwa anapita kwa ubavu, asikujie usoni. Ukirekodi ukiwa umesimama utaambulia mgongo.

Anza na kuku au njiwa maana hao hawana haraka na wewe. Kila mtu atakwambia kuku anatikisa kichwa akitembea. Hatikisi bwana. Hakikisha nyuma yake kuna kitu kilichotulia, ufa wa ukuta, kijiti, chochote, halafu ukiwa unaangalia video linganisha kichwa na kile kitu: kichwa kinachomoka mbele, kinaganda palepale hewani kama kimepigiliwa msumari, mwili unakuja nyuma taratibu mpaka unakifikia, kikifikiwa tu kinachomoka tena. Yaani kichwa ndo kinasubiri mwili. Sababu ni macho, anataka kile anachokiona kisicheze. Mwaka 1978 mtafiti Barrie Frost aliweka njiwa kwenye ile mashine ya mkanda ya kukimbilia, njiwa anatembea lakini vitu vinavyomzunguka havisogei, na kichwa kikatulia tuli!

Ukishapata hiyo umeshapata siri yenyewe: usimwangalie mnyama mzima, chagua kiungo kimoja ukifuate mwanzo mpaka mwisho, ukimaliza rudisha video uchague kingine.

Kwa twiga fuata miguu ya upande mmoja tu. Wa nyuma unanyanyuka, na kabla haujatua wa mbele wa upande uleule nao umeshaondoka, kwahiyo ni kama anatembea kushoto kushoto, kulia kulia. Ngamia naye hivyohivyo, ndo maana aliyempanda anapepesuka vile. Niliwahi kujaribu kuigiza huo mwendo kwa mikono na magoti, mkono wa kulia na goti la kulia kwa pamoja, nikapiga bega chini watu wakiwa wanaangalia. Kangaruu mwangalie mkia akiwa anasogea polepole huku anakula, sio akiwa anaruka. Unakanyaga chini unasukuma kama mguu wa tano, na vipimo vilivyotolewa 2014 vilionyesha unasukuma sawasawa na miguu yote minne ikijumlishwa. Mkia!

Sisimizi ni wadogo ila wanalipa. Muache apite juu ya karatasi nyeupe, simu isogeze karibu mpaka picha ianze kuwa na ukungu, kisha rudi nyuma kidogo. Akikimbia, muda mwingi miguu mitatu iko chini na mitatu iko juu: wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja pamoja na wa kati wa upande wa pili, wanapokezana. Kama stuli yenye miguu mitatu, haianguki.

Na usijione mshamba kwa kuhitaji kamera. Wachoraji walichora farasi wa mbio miaka na miaka amenyoosha miguu yote mbele na nyuma kama anapaa, mpaka mpiga picha Eadweard Muybridge alipopanga kamera kwenye mstari mwaka 1878 ikaonekana kweli kuna muda miguu yote minne iko hewani, ila ni pale inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo, kinyume kabisa na walivyokuwa wanachora.

Mwisho, usimfukuze mnyama ili atembee. Akikukimbia wewe huo sio mwendo wake tena. Kinyonga ukimsogelea taratibu utamwona anavyonyanyua mguu, anaupeleka mbele, anasita, anarudi nyuma, anayumba kama jani kwenye upepo kabla hajaukanyagisha, ukimshika ndo basi, anabaki kukutolea macho. Kaa ndo mbaya zaidi. Kivuli chako kikimpitia tu kashaingia ndani, mimi kwenye simu nina video ya sekunde 40 ya shimo.